Mchi Uliosikika Hadi Barabarani

Nachingwea,
Jumapili, 24 Agosti

Mpendwa kaka Eliudi,

Kabla sijakuamkia, niruhusu nikueleze habari ya mlio mmoja. Ni kishindo cha mchi kutua kinuni, mara moja tu, halafu kimya. Niliusikia Jumamosi ya wiki iliyopita nikiwa nimesimama kando ya barabara pale Chunyu, na tangu siku hiyo nalala nao na kuamka nao. Hata darasani, chaki ikigonga ubao, nausikia. Barua hii yote inatoka humo.

Sasa shikamoo, kaka. Natumaini kifua kimekuachia na kwamba baridi ya huko Songea haikusumbui kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Baba amemaliza kupulizia mikorosho. Macho yamekuwa mekundu kwa sulfa lakini hataki kuvaa miwani uliyomletea, anasema inamfanya aone mikorosho ya watu wengine. Mama ni mzima. Mimi bado najitolea kufundisha historia hapa sekondari, na bado nasubiri ajira kama wenzangu wote.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati Jumapili mnaruhusiwa simu. Ningepiga, kaka, ungeniomba nisubiri. Na mimi ningesubiri, kwa sababu sijawahi kukukatalia jambo. Ndiyo maana naandika. Nitaeleza hata yale unayoyajua, kwa kuwa sina hakika tena ni yapi tuliambiwa na yapi tuliyajazia wenyewe.

Tumelelewa na habari za mama mkubwa Goreti. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akifundisha watoto katekisimu ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka wa themanini na saba. Watu wa kijiji chao walikuwa wamejificha porini. Wenye bunduki walimkuta peke yake kwenye mahame, wakamwamuru akanyage rozari yake, akakataa, wakamuua. Mama yetu, mdogo wake, alikuwa na miaka kumi na moja. Baadaye walivuka mto na bibi, wakafikia Kilimarondo, na huko ndiko Baba alikomkuta Mama. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina la marehemu, na kwa desturi ya kwao Mama hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita dada. Unakumbuka watoto wa shule walivyokuwa wakinicheka, wakisema kwetu mtoto anamzaa mama yake.

Unajua pia kwamba Padre Paroko wetu wa Ruangwa aliombwa kukusanya kumbukumbu za watu wa upande huu wa mto, ili zipelekwe kule mama mkubwa alikofia, waone kama kuna haja ya kuanza kesi ya kumtangaza mfiadini. Alinichagua mimi kuwa mwandishi kwa sababu nimesoma historia na nina mwandiko mzuri. Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Nilinunua daftari gumu na kalamu tatu za wino mweusi, na jioni nilikuwa naziangalia tu.

Mwezi wa saba nilikwenda Kilimarondo kuonana na Mzee Anselmi, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya watu wazima waliokuwa porini na akina Mama. Nilimkuta analinda shamba, amechoka, tembo walikuwa wamepita siku mbili mfululizo. Alinipa kigoda, akanieleza mengi bila haraka. Nitarudi kwake baadaye katika barua hii, maana kuna jambo nililifanya pale kwake ambalo sijamwambia mtu.

Tarehe tano mwezi huu ilikuwa zamu ya Mama. Alivaa kitenge chake cha Krismasi, akaketi ofisini kwa Padre akiwa ameshika mkoba magotini kama mtu anayesubiri basi. Alieleza vizuri kuhusu bibi, kuhusu kujificha, kuhusu namna dada yake alivyokuwa akiwafundisha watoto sala kwa kutikisa midomo bila sauti. Kisha Padre akamuuliza kama ni kweli kwamba Goreti aliuawa kwa kukataa kukanyaga rozari. Mama alifungua mkoba, akaufunga tena. Padre akarudia kwa upole, akasema anaweza kutikisa kichwa tu, mimi nitaandika. Hapo Mama aliomba maji. Alipomaliza kuyanywa alisema amechoka, atamalizia siku nyingine, na akatoka bila kuweka saini.

Padre alidhani ni uchungu. Mimi pia. Nilikasirika kidogo, kaka, nilidhani ananiharibia kazi.

Jumamosi ile nikapanda bodaboda hadi Chunyu nimalizie naye nyumbani. Nilimkuta uani, na mbele yake kuna kinu na mchi. Nilisimama mlangoni nikikitazama. Wewe unajua nyumba yetu haijawahi kuwa na kinu. Mashine ya unga ikiharibika, Mama hubeba beseni kichwani hadi kijiji cha pili, ilhali kinu cha Bi Mwamina kiko hatua ishirini kutoka jikoni kwetu. Kisamvu tulikula kwa jirani tu, kwa sababu Mama alidai kinamvuruga tumbo. Na Bi Mwamina akianza kutwanga, Mama hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli mtoni.

Kinu kilikuwa cha Bi Mwamina mwenyewe, na mwenyewe alikuwapo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafurahia. Aliniambia nimkaribie mama yangu nimpime homa. Akamgeukia Mama, akamwambia, "Beatrisi, miaka ishirini na tano nakukaribisha kinu unakikimbia kama mkwe, leo umekifuata mwenyewe. Mashine imekufa, au mikono yako ndiyo imefufuka?" Mama alitabasamu, akamwomba atuache kidogo. Bi Mwamina akainuka akijishika kiuno, akasema anaondoka lakini mchi wake ukipasuka tutamjengea nyumba.

Tulipobaki wawili, Mama alitia mtama kinuni, viganja viwili. Akaniambia, "Dada, nenda hadi barabarani, pale penye mkorosho ulioanguka. Simama utazame kule kule. Nitatwanga mara moja. Ukirudi uniambie kama umesikia."

Nilidhani ni mambo ya kumbukumbu tu, mtu akikaribia kuyasema ya zamani anakuwa na vituko vyake. Nilikwenda. Ni mwendo wa kupita shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa na shamba la mbaazi la mtu mwingine. Nikasimama. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumbani, nikajisemea sitasikia kitu. Ndipo ukaja ule mlio. Mmoja. Ulifika safi, kama mtu amegonga mlango nyuma ya kisogo changu.

Nilirudi karibu nakimbia. Nilikuwa na furaha ya kitoto, kaka, kama mwanafunzi aliyefaulu jaribio. Nikamwambia nimesikia, tena vizuri kabisa, hata upepo haukuzuia.

Mama aliuegemeza mchi ukutani taratibu sana, akaketi chini, kwenye vumbi, na kitenge chake. Akasema, "Basi ni mimi."

Kuanzia hapo aliongea kwa Kimakua, na wewe unajua Kimakua changu kinachechemea, kwa hiyo mara nyingine nilimwomba arudie kwa Kiswahili. Alirudia kila nilipoomba. Nadhani alitaka kila neno lifike.

Porini kulikuwa na sheria tatu: hakuna jogoo, hakuna mbwa, hakuna mchi. Majogoo walichinjwa siku ya kwanza. Mtama ulilowekwa na kuchemshwa mzimamzima, au ulisagwa kwa mawe yaliyofungwa vitambaa. Bibi yetu alishikwa na homa, mdomo ukajaa vidonda, akawa hawezi kutafuna. Siku ya nne bila kula, Mama alichukua viganja viwili vya mtama, akaenda kwenye mahame yaliyokuwa ng'ambo ya bonde, ambako alikuwa ameona kinu kilichoachwa. Alikuwa na miaka kumi na moja na aliona amepata akili kuliko wakubwa: atatwanga mara moja, atasubiri, atatwanga tena. Mtu akisikia kishindo kimoja hawezi kudhani ni mchi, atadhani ni tawi limevunjika. Akaamini pia kwamba upepo unavuma upande wa kwake, hautapeleka sauti njiani.

Goreti alikuja mbio. Mama anasema hakumgombeza, hakusema lolote kuhusu sheria. Wakati huo sauti za wanaume zilikuwa zimeshasikika njiani, nao walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Goreti alimnyang'anya mchi, akamwonyesha shamba la mtama lililojiotea nyuma ya nyumba, akamwambia atambae hadi mtoni wala asigeuke. Kisha akaanza kutwanga. Si mara moja moja. Alitwanga mfululizo, kwa nguvu, kama mwanamke aliye kwake anayengojewa na wageni. Mama alitambaa huku mchi unalia nyuma yake, na kila mabua yalipovunjika chini ya magoti yake hakuna aliyeweza kuyasikia, kwa sababu ya mchi. Alifika mtoni. Bado ulikuwa unalia. Halafu ukakatika.

Hata leo Mama hajui walikuwa wa upande gani. Alisikia mmoja wao akiuliza anamtwangia nani, na Goreti akijibu anajitwangia mwenyewe. Wakamwuliza wenzake wako wapi. Hilo hakulijibu, na Mama anasema waliuliza mara nyingi.

Wakubwa walipokwenda kumchukua waliikuta rozari imekatika, shanga nyingine ziko ndani ya kinu, pamoja na mtama. Kinu walidhani ni wale watu waliomlazimisha awatwangie. Kuhusu rozari, katekista wao aliyekuwa anamlilia aliinama akaiokota, akasema bila shaka walimtaka aikanyage, naye akakataa. Akamgeukia mtoto aliyekuwa karibu, akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

Ndiyo hivyo tu, kaka. Uongo wote wa Mama ni kutikisa kichwa mara moja. Akaniambia, "Watu walikuwa hawajalala siku mbili, na hilo ndilo neno la kwanza lililowatuliza. Ningewanyang'anya vipi?" Bibi alikufa Kilimarondo bila kujua. Na kwa miaka karibu arobaini, kila kumbukumbu ya Goreti inapofanyika kigangoni, wanawake humshika Mama mkono kwa sababu ni mdogo wake mfiadini, na yeye huwa anasema moyoni kwamba wanashika mkono ule ule ulioshika mchi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kumtetea. Huenda mlio ule haukufika njiani. Huenda wale watu walikuwa wanakuja tu, mchi au hakuna mchi. Umbali ule wa kutoka kinuni hadi njiani alikuwa ameupima kwa macho siku aliyoolewa akaletwa Chunyu: kutoka uani kwetu hadi ule mkorosho. Miaka yote hiyo anautazama, na hakuwahi kuthubutu kumtuma mtu akasikilize.

Alinituma mimi. Nikarudi nikicheka, nikamwambia vizuri kabisa.

Halafu alifanya jambo ambalo sijui niliandikeje. Alijikokota hadi miguuni pangu, akanipigia magoti, Mama yetu, akaniuliza, "Dada, uliposikia ule mchi, ulinikasirikia?"

Nilitaka kumwinua. Nilitaka kumwambia mimi si yeye, mimi ni Goreti wako, uliyemzaa hospitali ya Ruangwa, nimevaa sketi ya mtumba na nina madaftari ya kidato cha pili ya kusahihisha. Lakini nikaona kwamba amengoja kuuliza swali hilo tangu siku aliyonipa jina, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza. Sikuwa na haki ya kujibu, nalijua hilo. Nilijibu. Nilimwambia, "Nilipousikia nilijua ni wewe. Ndiyo maana nilikuja mbio."

Alilaza kichwa chake magotini pangu, kizito. Kisha akainuka, akajifuta uso, akasema mtama haufai kuachwa nusu, akautwanga wote hadi ukaisha. Upande wa pili wa ua Bi Mwamina alipaza sauti kwamba sasa mchi umempata mwenyewe.

Nilirudi Nachingwea bila kuandika hata mstari. Hapa, kaka, ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pote.

Kwa siku tatu niliamua kutoandika. Nilijipa sababu nzuri. Kwamba Mama alisema na dada yake, hakusema na Kanisa. Kwamba ni toba, na toba ni siri. Nikakufikiria wewe, kwamba ulikwenda seminari kwa sababu ya mama mkubwa, na kwamba huu ni mwaka wenu wa kuamua. Nikakumbuka igizo uliloliandika ukiwa na miaka kumi na sita, ambalo vijana wa kigango huliigiza kila Septemba, na mimi ndiye Goreti tangu nikiwa kidato cha pili. Unakumbuka maneno ya mwisho uliyompa: "Mguu huu umetembea kwenda kanisani, hauwezi kumkanyaga Mama wa Mungu." Watu hulia hapo.

Sasa nikuambie la Mzee Anselmi. Nilipomuuliza Goreti alisema nini kabla ya kufa, alinyanyua uso, akayasema maneno hayo hayo. Neno kwa neno, kaka. Alikuja kuliona igizo lako mwaka mmoja, na sasa anaamini aliyasikia porini. Hakuwa anadanganya, machozi yalikuwa ya kweli. Nami niliyajua maneno yale palepale. Nimeyakariri kwa miaka, najua hata mahali ulipofuta ukaandika upya kwenye daftari lako la mraba. Niliinamisha kichwa, nikayaandika kwa wino mweusi kama ushahidi wake, nikamshukuru, nikafunga kalamu.

Kwa hiyo Mama alitikisa kichwa akiwa mtoto, porini, mbele ya maiti ya dada yake. Mimi nilitikisa changu nikiwa na shahada, nimekaa kwenye kigoda, nimeshiba. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimtaka Goreti wa igizo lako. Nilitaka jina ninalobeba liwe la mfiadini aliyeulizwa swali moja wazi na akajibu vizuri. Sikutaka jina la msichana aliyesikia mchi akakimbia kuelekea ulikolia. Nimelifikiria sana hilo na nimeona aibu, kwa sababu huyu wa pili ndiye ambaye nisingeweza kuwa yeye. Kwenye igizo lako najiweza. Kushika mchi ule na kuendelea kutwanga nikijua kila pigo linawaleta, hapo sijiamini.

Usiku wa Jumanne nilimpigia Mama, nikamwambia yote, na la Mzee Anselmi pia. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu kama Padre yupo siku gani.

Alhamisi tulikwenda pamoja. Mama alieleza tena kwa Padre, Kiswahili safari hii, mgongo umenyooka, na alipofika mahali pa kutikisa kichwa alikitikisa kweli, ili Padre aone ilivyokuwa. Nami nikasema langu. Padre alivua miwani akakaa nayo mkononi. Hakutugombeza. Alisema hajui kama neno mfiadini litasimama, kwamba Kanisa lina njia pia kwa mtu aliyetoa uhai wake kwa ajili ya mwingine, lakini ni ndefu na yeye hawezi kutuahidi lolote. Alisema kazi yetu ilikuwa kuandika, basi tuandike. Mlangoni alimshika Mama mkono, na nilimwona Mama akiutazama mkono wake baadaye, akiugeuza.

Kaka, nisamehe kwa kuwa nimekupokonya kitu bila kukuuliza. Lakini fikiri tena: mtu mzima anayelala kwetu leo, anayemgombeza Baba kuhusu miwani, ndiye mtu ambaye mama mkubwa alimwokoa. Sisi wawili pia tulikuwa ndani ya shamba lile la mtama. Sijui hilo litafanya nini kwenye wito wako. Kwangu mimi limenifanya nianze kusali tena, bila maneno ya igizo.

Wasalimie mafrateri wenzako, hasa yule wa Newala anayekufulia. Baba anakusalimu, anasema ukija Desemba umletee betri za redio. Bi Mwamina anakusalimu na kuuliza kama mapadre wanaruhusiwa kunenepa. Mama anakusalimu sana. Amesema utakula kisamvu alichotwanga mwenyewe, kwa maana tulipotoka kwa Padre alipitia sokoni, na nimerudi Chunyu juu ya bodaboda nimekipakata kinu kipya.

Usiniandikie kuniomba nisubiri. Maneno ya Mzee Anselmi nimeyakata kwa mstari mmoja, yasomeke, na pembeni nimeandika yalikotoka, pamoja na jina lako na langu. Ushahidi wa Mama una kurasa nne, kila ukurasa umewekwa saini, na chini kabisa, pale palipoandikwa "Mwandishi", nimefuta jina langu. Padre amepata mwandishi mwingine. Nimempa daftari na kalamu zote tatu.

Mdogo wako,

Goreti